Kona ya Hori

Villard-sous-Roche,
Jumatano ya mwisho ya Januari

Mdogo wangu Lionel,

Nakusalimu wewe, namsalimu Nadège, na namsalimu Capucine wenu ambaye nasikia siku hizi anaazima viatu vya mama yake. Hamjambo wote? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unaingia majini asubuhi na kifua wazi kama mtu asiye na mama? Sisi huku tuko salama. Mama anakula, analala na analalamika, kwa hiyo ni mzima. Nyonga inamsumbua kwenye ngazi, lakini ukijaribu kumshika mkono utapigwa kofi. Chaza mliotutumia Krismasi walifika wakiwa hai. Mama alionja mmoja, akasema ni kama kumeza mafua ya mtu mwingine, halafu akamaliza sahani. Ahsanteni sana.

Najua umeshangaa kuuona mwandiko wangu. Kwenye simu ya Jumapili mimi na wewe huzungumza hali ya hewa: huku theluji, huko upepo, haya kwaheri. Na kila ninapotaka kuingiza neno zito, ghafla kwako mtandao unasumbua. Barua haisumbuliwi na mtandao, ndugu yangu. Kwa hiyo vua hayo mabuti, keti, usome mpaka mwisho hata kama katikati utatamani kuikunja.

Habari yenyewe ni hii: kaka yako ameacha mbio. Jumapili iliyopita Régis alimaliza rali yake ya mwisho, nami nilikuwa nimeketi kulia kwake kama siku zote. Gazeti la mjini Gap limemwandika ukurasa mzima. Limemwita mfalme asiye na taji wa milima yetu, likakosea umri wake, na mimi likanipa jina la marehemu shangazi. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Dereva kama yule hapaswi kuachiwa waandishi peke yao, na wewe kuliko watu wote unastahili kusikia kutoka kwa aliyekuwemo ndani ya gari.

Gazeti linasema yote yalianzia kwenye Renault 4 ya Baba, ile ya kusambazia jibini. Si kweli. Yalianzia kwenye ubao wetu wa kutelezea thelujini. Mimi mbele kwa kuwa ni mkubwa na mbishi, wewe katikati kwa kuwa ungedondoka, na Régis nyuma akiongoza kwa visigino. Kutoka malishoni mpaka kanisani hakuwa akiona kitu ila kofia yako ya sufi yenye kile kishada. Mimi ndiye niliyepiga kelele: kushoto! kulia kali! jiwe! Naye aligeuza bila kuona, kwa sauti yangu tu. Siku ile niliyosema kulia nikimaanisha kushoto, tuliingia sote watatu kwenye lundo la samadi la Mzee Barnouin. Wewe ulilia, mimi nikatafuta wa kumlaumu. Régis alipotoa kichwa nje alisema dada akisema kulia, basi ni kulia, na hakulizungumza tena. Mama alituosha uani kwa maji ya baridi, akianza na mimi.

Kama unamsomea Capucine, mweleze kwamba kazi yetu haikubadilika sana tangu ubao ule. Kabla ya rali tunapita barabara polepole, naandika kila kona: imekaza kiasi gani, inafunguka wapi, kuna jiwe wapi. Siku ya mbio mimi nasoma, yeye anaendesha barabara ambayo macho yake hayajaifikia. Na kwa kuwa huku kwetu Januari barabara hubadilika kati ya asubuhi na mchana, kila timu ina mkagua barafu wake, anayepita mbele saa moja na zaidi kabla ya gari la kwanza, na kutuambia palipoganda na palipokauka. Wetu alikuwa Barnouin huyohuyo wa samadi, dereva wa zamani, mtu anayenusa barafu kama mbwa anavyonusa mfupa. Akishapita yeye barabara inafungwa, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuigusa.

Gari letu la kwanza ulilijua, ile Peugeot ya daktari wa mifugo, ambayo mpaka tunaiuza ilinuka dawa ya kondoo. Nililia kwa aibu siku ya kwanza tulipopanga foleni nayo katikati ya magari ya vijana wa mjini. Kijana mmoja alituuliza kama tumekuja kuzalisha ng'ombe. Régis alimjibu kwa upole kwamba ndiyo, wako wapi? Jioni ile tulikuwa mbele ya kijana yule, mbele ya wenzake, na mbele ya kila mtu isipokuwa mmoja. Baba alikuwa mkahawani. Alisema kwa kuwa tumemaliza kuchezea gari, kesho asubuhi kuna jibini za kupeleka. Lakini mwenye mkahawa aliniambia baadaye kwamba mzee alikuwa amelipia meza zote.

Sitakuhesabia vikombe, vimejaa bandani na Mama anahifadhi vitunguu ndani ya kile kikubwa. Nitakuambia vitu viwili tu ambavyo gazeti halikuviandika.

Cha kwanza ni ukungu wa milima ya Ardèche. Ulikuwa umeshaondoka nyumbani wakati huo. Tulifika juu ya mlima tukakuta ukungu mzito kama maziwa, huoni hata pua ya gari. Madereva waliotutangulia walikuwa wakitambaa, na mmoja alisimama kabisa akawasha sigara. Régis aliniuliza kama naziamini karatasi zangu. Nilimwambia naziamini. Akasema, "Haya dada, we soma tu. Mimi leo niko nyuma ya kofia ya Lionel." Na akakanyaga mafuta. Nilisoma mpaka koo likakauka, na sikuiona barabara hata mara moja, naye hakuiona, na gari halikugusa kitu. Tulipotoka upande wa pili kwenye jua, watu wa saa walidhani mashine yao imeharibika. Mimi nilikunywa chupa nzima ya maji. Yeye alimenya yai lake la kuchemsha kama mtu aliyetoka dukani.

Cha pili ni lile beleshi. Utakumbuka kwamba Baba alimpa kila mmoja wetu beleshi la theluji na kulipaka rangi mpini wake, langu kijani, la Régis buluu, lako jekundu, ili tusigombane nani ameharibu la nani. Basi jua kwamba beleshi lako jekundu limetembea kuliko wewe. Limekuwa ndani ya gari letu la vifaa kila rali, miaka yote, limefungwa kwa mkanda nyuma ya tairi. Kule Korsika mwezi Mei, jua linaunguza, fundi wetu Maurin alitaka kulitoa apate nafasi. Alisema, "Bosi, nguruwe pori nimewaona barabarani, lakini theluji? Hili dude la nini huku?" Régis akamwambia theluji haina adabu, inaweza kumtembelea mtu popote. Mafundi walicheka, wakadhani ni hirizi yake. Mimi nilidhani anakukumbuka tu. Nilisema moyoni, huyu na mdogo wake hawaandikiani, hawapigiani simu, lakini angalau anabeba beleshi lake. Sikuuliza. Nyumbani kwetu hatuulizani, unatujua.

Sasa inabidi niseme habari ya mwaka ule. Usikunje barua.

Mwaka ule Régis alikuwa ameiva. Kiwanda kikubwa kilikuwa kinatafuta dereva mmoja, mmoja tu, wa kupeleka kwenye mbio za dunia nzima, na Bwana Delcourt wa kiwandani alipanda mpaka kijijini kwetu na viatu vyake vya mjini, hata Mama akamwazima mabuti ya Baba. Kila mtu alijua amekuja kwa ajili ya nani. Tulikuwa tunaongoza rali. Kilibaki kipande cha mwisho, kile kinachoshuka kutoka mlimani na kupita katikati ya kijiji, na kwa kuwa tunaongoza tulianza kabla ya gari lolote. Na katikati ya kijiji kuna kona yetu, Kona ya Hori, pale ukuta wa banda letu unapoibana barabara na lile hori la mawe la kunyweshea ng'ombe liko upande wa kulia. Watazamaji hawaruhusiwi kusimama pale, ni pabaya mno. Anasimama mlinzi wa njia peke yake. Mwaka ule mlinzi ulikuwa wewe, na kizibao chako cha rangi ya chungwa kilichokupwaya.

Barnouin alituambia theluji ya paa la banda imeporomoka na imefunika kona nzima. Nikaandika. Na tulipofika nikasoma: kulia kali, theluji tupu mpaka kanisani. Unajua Régis anavyofanya kwenye theluji. Haisubiri kona. Analitupa gari ubavu mapema, liteleze lenyewe, ili likifika liwe limeshageuka. Alilitupa. Na chini yetu hapakuwa na theluji. Tairi zetu za theluji, zenye misumari, zilishika lami kavu, gari likaruka kulia moja kwa moja, na hori likaingia upande wangu.

Nakumbuka uliponitoa. Ulikuwa unalia kama siku ile ya samadi, unasema "dada, dada, dada," na mtulinga wangu umevunjika vipande viwili. Nilikuwa nakwambia usilie, ni mfupa tu. Nilidhani unalilia damu. Halafu watu wakavunja kamba, wakamiminika, wakasukuma gari, wakakanyagakanyaga, theluji ikaanza upya, na ndani ya muda mfupi hakuna aliyeweza kujua kona ile ilikuwaje.

Bwana Delcourt alitufuata hospitali. Nililala mlango wazi na niliwasikia kwenye korido. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Régis kwamba amependa alichokiona mwaka mzima, na ana swali moja tu: je, barabara ilikuwa tofauti na ilivyosomwa? Kama ilikuwa tofauti, hakuna dereva duniani angepona, nasi tuendelee na mazungumzo yetu. Lakini kama ni kosa la dereva, kwenye kona ya nyumbani kwake mwenyewe, basi kiwanda kitamchukua yule kijana mwingine. Régis alijibu kwamba theluji ilikuwapo kama Barnouin alivyosema na dada alivyosoma. Yeye ndiye aliyeingia vibaya. Bwana Delcourt alimshukuru, na viatu vyake vikaondoka kwenye korido. Kijana yule mwingine alikwenda dunia nzima. Régis alirudi kutengeneza matrekta.

Sasa nikuambie nilichokibeba mimi. Kabla hatujagonga niliona weusi wa lami. Muda wa kupepesa jicho, lakini niliona. Kwa hiyo niliposikia jibu lile kutoka kitandani nilielewa jambo moja tu: nimesoma mstari usio wa kona ile, na Régis ananifichia. Kama siku ya samadi, dada akisema kulia ni kulia. Sikumwuliza kwa sababu niliogopa kuambiwa ndiyo. Tangu siku hiyo kila ukurasa nimeuhakiki mpaka macho yakauma. Watu wa rali wanasema Ghislaine Escallier hajawahi kukosea mstari. Wangejua ni hofu gani iliyonifundisha!

Na Baba, Mungu amrehemu, unakumbuka alivyomtania mezani. Alisema hata ng'ombe kipofu wa Barnouin alinywa maji kwenye hori lile maisha yake yote bila kuligonga. Régis alicheka pamoja naye, akasema ng'ombe yule alikuwa na msoma njia mzuri kuliko wake, nami nikamtupia kipande cha mkate. Wewe peke yako hukucheka. Ulikuwa unakata nyama yako vipandevipande bila kuila. Kabla ya Pasaka ukaenda pwani, mahali pasipoanguka theluji. Baba alisema umekimbia kondoo. Sote tuliamini hivyo, maana uliwachukia kondoo kweli.

Miaka iliyofuata ndiyo inayonifanya nimvulie kofia. Mtu mwingine angeoza kwa uchungu. Yeye alifunga karakana Ijumaa jioni, akaendesha, akafungua Jumatatu asubuhi. Hakuwa na kiwanda nyuma yake, alikuwa na Maurin, mimi, na sandwichi za Mama. Kwa gari la mtumba aliwapiga vijana wa viwandani kwenye milima hii mpaka wakaanza kuja kumwuliza njia, naye akawaonyesha, mbumbumbu yule! Nilimgombeza. Nilimwambia unawafundisha wakupige. Akanijibu kwamba kama wanaweza kumpiga kwa maneno yake, basi ni maneno mazuri. Yule kijana aliyechukua kiti chake kiwandani alipostaafu alikuja hapa kunywa kahawa, akasema mbele yangu kwamba kila mwaka alikuwa akiangalia matokeo ya Escallier ili ajue kama yeye bado ni dereva. Régis aliona haya, akaenda kukagua mafuta ya trekta ambayo alikuwa ameshayakagua.

Jumapili hatukushinda. Tulikuwa wa tatu, nyuma ya watoto wawili ambao naamini bado wananyolewa na mama zao. Kipande cha mwisho kilipita kijijini. Kona ya Hori ilikuwa nyeupe pe, nikaisoma hivyo, akalitupa gari mapema, na tulizunguka hori kwa upole kama mtu anayepita kitanda cha mgonjwa. Mama alikuwa dirishani anagonga sufuria. Kwenye mstari wa mwisho waliwasha fataki, mwandishi akamwuliza ni kona ipi katika maisha yake angependa kuirudia. Nilimtazama. Alisema hakuna, zote zilipitwa zilivyopaswa kupitwa.

Jibu lile lilinikaa kooni. Jumatatu mchana tulikuwa watatu tu mezani, Mama amekaanga mandazi yake yale ya viazi, na nikaona sasa hakuna rali tena ya kuiharibu. Nikamwuliza. Nilimwambia, "Régis, mimi ni mtu mzima. Niambie sasa. Siku ile nilisoma vibaya, sivyo?"

Aliacha kutafuna. Nakuapia sijawahi kumwona ameshtuka hivyo hata tulipopinduka Korsika. Akauliza, "Ina maana miaka yote hii ulidhani ni wewe?" Nikasema kumbe ningemdhani nani? Akajifuta mikono, akatoka nje bila koti, akarudi na beleshi lako jekundu, akaliweka mezani katikati ya sahani. Mama akasogeza mandazi.

Akatueleza. Alipotoka garini wewe ulikuwa umenishika mimi, umempa mgongo. Yeye aliona lami, nyeusi, safi, imefagiwa kutoka ukutani mpaka kwenye hori. Akaona beleshi limeegemezwa ukutani, theluji mbichi bado iko kwenye bati lake. Akaelewa yote kwa mara moja. Wewe uliyekuwa bingwa wa vijana wa kijiji kwa kumwaga theluji barabarani ili magari ya wageni yateleze, siku hiyo kaka yako anaongoza, Barnouin ameshapita, uko peke yako, na ukamfagilia njia. Ukidhani unamsaidia. Ewe mdogo wangu! Ulimpenda mpaka ukasahau kwamba tulishaambiwa theluji ipo.

Na yeye kabla watu hawajafika alichukua beleshi akalitupa ndani ya gari, nyuma ya tairi ya akiba. Ndipo lilipopotelea, kama uliwahi kulitafuta. Alijua kwamba mlinzi wa njia aliyegusa barabara angeitwa na polisi, na dada yake yuko chini na mfupa umetoka. Alijua pia kwamba kijiji kingekukumbusha, kila siku, kwamba ni wewe. Kwa hiyo Bwana Delcourt alipouliza swali lake la pekee kwenye korido, swali ambalo jibu la kweli lingempa dunia, Régis alimpa jibu lile. Nimekaa kulia kwake karibu maisha yangu yote, nimemwona akifanya mambo kwa usukani ambayo watu watayasimulia mpaka wachoke. Ukiniuliza alishinda wapi, nitakwambia ni pale koridoni.

Usidhani nilimbusu. Nilimpiga kwa taulo la jikoni mpaka mkono ukachoka. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mimi, kwa nini hakukuambia wewe, ni kichwa gani cha kondoo alichopewa na Mungu! Akasema alingoja uje uongee mwenyewe, hakutaka kukuvua nguo. Halafu mwaka ukapita, mwingine ukapita, ikawa vigumu kuanza. Mazishini kwa Baba alikuona umesimama nyuma, akawa anakuja kwako, na alipofika mlangoni gari lako lilikuwa linashuka. Alibeba beleshi kila mahali akiamini siku moja utatokea kwenye rali fulani, alitoe nyuma ya tairi na kukuuliza kama ni lako, na mcheke. Huo ndio ulikuwa mpango wake wote. Dereva hodari, lakini kwa mengine ni gogo.

Nililia, Lionel. Nililia kwa hasira na kwa wepesi wa moyo, sijui kipi kilizidi. Kwa hiyo mimi sikuwa na deni, na wewe ulijiona unalo peke yako, na yeye akalilipa kimya, na tumekula Krismasi ngapi tukiwa tumetengana kwa ajili ya theluji iliyoyeyuka kabla ya Machi? Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi ndiyo maana mtoto wangu anakula makamasi ya baharini," akainuka kwenda kutazama jiko, na alikaa huko muda mrefu.

Régis hajui kuandika barua, lakini nimemlazimisha anipe neno la kukutumia. Alikuna kichwa mpaka nikamkaripia. Mwishowe akasema: "Mwambie alifagia vizuri mno. Hata chembe moja sikuikuta." Na akacheka, kile kicheko chake cha kwenye samadi. Ndiyo salamu yake, nakuletea kama ilivyo.

Nadège mwambie namshukuru kwa ile sweta, inanibana lakini naivaa. Capucine mwambie shangazi yake ana karatasi za kona za miaka mingi na hana wa kuzirithi, na kwamba ubao wa kutelezea bado uko darini. Barnouin anakusalimu, haoni vizuri sasa lakini bado ananusa. Padri anakusalimu. Maurin, ambaye hujawahi kumwona, anasema anataka kumjua mwenye beleshi.

Theluji inaanguka tangu Jumatatu. Beleshi lako Mama amelitundika kwenye msumari wake wa zamani, kati ya la kijani na la buluu. Jana asubuhi Régis alitoka na la kwake kufungua njia ya mlango wa mbele, na Mama akamfungulia dirisha kwa kishindo, akamwambia asiguse, kazi hiyo ina mwenyewe. Kwa hiyo sote tunaingia na kutokea zizini, katikati ya kondoo, mama wa watu na nyonga yake, na leo theluji imefika kwenye kitasa.

Dada yako akupendaye,
Ghislaine